Toledo kwa siku moja: yanayosemwa na yalivyo

Ukienda kusoma Madrid, haipiti wiki kabla hujaambiwa: panda treni asubuhi uende Toledo, jioni umerudi. Ushauri mzuri, na siku moja inatosha kabisa. Shida ni maelezo yanayoandamana nao.

"Unafika stesheni, unakata tiketi, unapanda."

Hivyo ndivyo unavyopanda treni za mjini. Ya Toledo, inayoitwa Avant, ni ya mwendokasi: inatoka stesheni ya Atocha, Madrid, na kumaliza kilomita kama 70 kwa nusu saa na ushei. Kila tiketi ina namba ya kiti, na viti vikiisha vimeisha. Mabegi nayo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, jambo lisilo geni kwa aliyezoea SGR ya Nairobi, kwa hiyo usifike dakika ya mwisho. Kwa safari ya wikendi, kata kwenye simu mapema, kwenda na kurudi.

"Stesheni ya Toledo ni jengo la enzi za Waarabu."

Ukishuka unakutana na matao, vioo vya rangi na mnara wa saa, na abiria wenzako wameshatoa simu wanapiga picha wakidhani ni kasri. Stesheni hiyo ilifunguliwa 1919. Waliojenga waliiga mtindo wa kale kwa makusudi, na kusema kweli waliiga vizuri.

Mji wenyewe hauko hapo. Uko juu ya kilima ambacho mto Tajo umekizunguka pande tatu. Kwa miguu unavuka daraja la Alcántara, kisha unapanda, unapanda tena. Basi lipo kwa asiyetaka kutokwa jasho asubuhi yote. Njia zimetandikwa mawe, kwa hiyo vaa raba.

"Waislamu, Wayahudi na Wakristo waliishi humo kwa amani."

Hii ndiyo dhana iliyokomaa kuliko zote, maana inauza. Kila kipeperushi kinakwambia "mji wa tamaduni tatu". Kwamba waliishi pamoja ni kweli. Kuhusu amani, waulize majengo.

Anza na msikiti mdogo wa Bab al-Mardum, ambao leo unaitwa Cristo de la Luz. Usoni pake pana maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyopangwa kwa matofali, yakitaja mwaka 390 wa Hijria, yaani 999, na jina la mtu aliyeujenga kwa mali yake. Hata aliyehitimu madrasa atakodoa macho kabla ya kuokota herufi mbili tatu. Ndani kuna nguzo nne tu, juu yake kuba tisa ndogo, na kila moja imefumwa kivyake. Katika karne ya 12 liliongezwa kanisa upande mmoja, na msikiti ukawa ukumbi wake.

Mfalme Mkristo Alfonso VI alipouchukua mji mwaka 1085, Waislamu waliahidiwa kubaki na msikiti wao mkuu. Haukupita muda mrefu ukageuzwa kanisa, na kanisa kuu unalolipia kuingia leo, lililoanza kujengwa 1226, limesimama papo hapo.

Kisha nenda Santa María la Blanca. Nguzo nyeupe, matao ya Kiarabu, jina la Bikira Maria. Wengi wanatoka wakisema wameona msikiti. Ni sinagogi! Wayahudi walilijenga chini ya utawala wa Kikristo kwa ufundi wa Kiislamu, na mwanzoni mwa karne ya 15 wakanyang'anywa. Sinagogi la pili, El Tránsito, lilijengwa karne ya 14 na Samuel ha-Leví, mweka hazina wa Mfalme Pedro I. Mfalme huyohuyo alimtia gerezani, akafia kwenye mateso.

Mwaka 1391 Wayahudi wengi wa mji waliuawa katika ghasia. Mwaka 1449 ikatolewa amri ya kuwazuia hata waliobatizwa wasishike vyeo vya mji, kwa sababu ya damu yao tu. 1492 waliobaki na dini yao wakafukuzwa Hispania nzima.

Lakini tusiruke upande wa pili tukasema ulikuwa uadui mtupu. Kazi kubwa zilifanyika bega kwa bega, na hapo ndipo inapoingia dhana nyingine.

"Kulikuwa na Shule ya Watafsiri, utaonyeshwa madarasa."

Hakuna darasa la kuonyeshwa. Jina hilo walilibuni wanahistoria baadaye sana. Taasisi ya chuo kikuu inayolitumia leo ilianza 1994. Karne ya 12 walikuwapo watu na vitabu. Gerard wa Cremona alitoka Italia akitafuta Almagest, kitabu cha Ptolemy cha elimu ya nyota, akabaki Toledo na kutafsiri vitabu vingi, kikiwamo cha tiba cha Ibn Sina. Mara nyingi watu walifanya kazi wawili wawili: mmoja anasoma Kiarabu na kutamka maana kwa lugha ya mtaani, mwenzake anaandika Kilatini. Mkristo na Myahudi, meza moja.

"El Greco ni Mhispania, na nyumba yake ipo."

Mchoraji huyu ni Mgiriki wa Krete, alizaliwa 1541, akahamia Toledo 1577. Jumba la makumbusho lenye jina lake halikuwa nyumba yake. Ukiwa na haraka, livuke uende kanisa la Santo Tomé kutazama picha yake ya maziko ya Count wa Orgaz, iliyoko kwenye kanisa lilelile ambalo ilichorewa.

"Siku yoyote ni sawa."

Jumatatu si sawa. Jumba hilo la El Greco na El Tránsito, ambalo sasa ni makumbusho ya Wayahudi wa Hispania, hufungwa. Ukienda siku nyingine, beba kitambulisho cha chuo, kwani vijana wanafunzi hupata nafuu ya kiingilio sehemu kadhaa.