Amu ni nzuri, na picha yako je?

Mtu yeyote akisimama gatini Lamu, yaani Amu kwa wenyeji, saa kumi na mbili na nusu asubuhi atapata picha ya kupendeza. Mji umeelekea mashariki, jua linachomoza upande wa Manda na kuziangaza nyumba za mbele; punda wanapita, mashua zimefungwa. Vijana wanaojifunza kwangu huniletea picha hizo kwa furaha, nami huwaambia kwamba uzuri huo ni wa mji. Wao wameongeza nini?

Picha ninayoithubutu kuionyesha ni ile yenye jambo linalotendeka ndani yake, jambo ambalo likiondolewa hakibaki kitu.

Niliwahi kushinda Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kisiwani Lamu, na fundi aliyekuwa akikalafati jahazi. Asubuhi nilipiga chombo kizima, mikoko nyuma yake, mbingu safi. Huku kwetu, karibu na ikweta, jua hupanda wima, na mwanga ule laini hauchukui hata saa moja. Nikadhani kazi imekwisha. Saa nane, joto liliponishinda, niliketi kivulini chini ya ubavu wa jahazi, na hapo ndipo nilipoona. Mchanga ulikuwa ukirudisha mwanga juu, ukizifikia mbao kwa upole, bila kivuli kikali. (Vichochoroni mwa mji ni vivyo hivyo: adhuhuri ambayo wapiga picha huikimbia ndiyo saa kuta zenye chokaa zinapopeana mwanga hadi chini.) Fundi alikuwa akiishindilia pamba kwenye mwanya kati ya mbao mbili. Kidole gumba cha kushoto kilitangulia kupapasa, nyundo ikafuata. Nikateremsha kasi ya kamera hadi 1/60 ya sekunde, nikajizuia kupumua.

Nyundo ilitoka kama moshi. Kidole kimetulia, kila mkunjo wa ngozi unaonekana, na ukikitazama unajua kwamba mtu huyu huutafuta mwanya kwa ngozi kabla ya macho. Uso wake haumo. Wengi huniuliza kwa nini sikuupiga; niliupiga, mara nyingi, lakini kila uso ulipoingia jicho la mtazamaji lilikimbilia huko na mkono ukasahaulika.

Kati ya picha 214 za siku ile nilibakisha hiyo moja ya kuonyesha. Nyingine nzuri sana sitaionyesha kamwe: mama aliyepita akajifunika buibui alipoiona kamera. Alikwisha nijibu.

Baada ya wiki mbili nilimpelekea fundi picha yake, nimeichapisha kubwa. Nilingoja asifu mwanga. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akaweka kidole kile kile juu ya mwanya ulio pichani.

“Hapa, mwanangu, pamba ilikuwa haijakaa sawa,” akasema. “Niliitoa, nikaitia upya.”