Joker na "boner" zake: dhana potofu kuhusu maneno ya katuni za zamani

Dhana: Joker, mhalifu adui wa Batman katika katuni za Marekani, alikuwa anatoa matusi kwa mafumbo.
Kisanduku cha katuni kinachozungushwa sana mtandaoni kimetoka jarida la Batman namba 66, Agosti–Septemba 1951. Joker amechekwa, naye anaapa kuwaonyesha anaweza kufanya "boner" ngapi. Leo Mmarekani akisikia neno hilo anawaza uume uliosimama. Mwaka 1951 lilisomeka kama kosa la kijinga, basi. Hadithi yote imejengwa juu ya maana hiyo: Joker anapanga uhalifu kwa kufuata makosa maarufu ya historia, kisha anamtega Batman naye aboronge. Ukitia maana ya leo, hadithi haisimami.

Wala neno halikuzaliwa kwenye katuni. Septemba 23, 1908, Fred Merkle wa timu ya New York Giants, kijana wa miaka 19, alidhani mechi ya besiboli imekwisha, akatoka bila kukanyaga besi ya pili, kituo alichotakiwa kukigusa. Bao la ushindi likafutwa, na kosa lake linaitwa "boner" mpaka leo. Mwaka 1931 kikatoka kitabu kiitwacho Boners, cha majibu ya kuchekesha ya wanafunzi, michoro ikiwa ya Dr. Seuss.

Dhana: maana mpya ikija, ya zamani inafutika.
Hukaa pamoja muda mrefu. Tazama "shoga": kwa wanawake wa Mombasa au Unguja ni rafiki wa kike wa kufa na kuzikana, kwingine wasikilizaji wanashtuka. "Gay" ya Kiingereza nayo iliwahi kuwa uchangamfu tu.

Dhana: basi mafumbo yote ya ngono kwenye katuni za zamani yalikuwa bahati mbaya.
Hapana. William Moulton Marston, mwanasaikolojia aliyembuni Wonder Woman, shujaa wa kike wa katuni, mwaka 1941, alijaza matukio ya kufungwa kamba na minyororo katika hadithi zake kwa makusudi, na alilitetea jambo hilo waziwazi.

Dhana: picha ipo, ushahidi upo.
Tafuta kwanza namba na tarehe ya toleo, usome visanduku vya kabla na baada, halafu fungua kamusi ya miaka ile. Chunguza na kiputo cha maneno. Herufi za enzi hizo kwa kawaida ziliandikwa kwa mkono, kwa hiyo A mbili hazifanani kabisa. Zikifanana kama mapacha, huenda kuna mtu ameshachezea maneno.