Je, wajua kwa nini intaneti ya kasi kuliko zote Marekani iliuzwa na shirika la umeme?

Februari 2010 kampuni ya Google ilitangaza kwamba inatafuta mahali pa kujenga intaneti ya gigabiti 1 kwa sekunde, kasi ambayo wakati huo Mmarekani wa kawaida aliisikia tu. Miji na vijiji zaidi ya 1,100 vikaomba. Topeka, mji mkuu wa jimbo la Kansas, ukajiita "Google" kwa mwezi mzima. Meya wa Duluth akajitosa kwenye maji ya baridi kali ya Ziwa Superior ili tu mji wake uonekane.

Wakati vituko hivyo vinaendelea, mafundi wa Chattanooga, mji wa Kusini mwa Marekani katika jimbo la Tennessee, walikuwa juu ya nguzo wakivuta mkongo wa faiba. Septemba mwaka huohuo mji ukatangaza kwamba gigabiti 1 inapatikana kwa kila nyumba na kila duka linalotumia umeme wake, shamba la mbali likiwemo. Google ilikuwa bado haijachagua. Ilikuja kuitaja Kansas City Machi 2011.

Na muuzaji wa intaneti hiyo hakuwa kampuni ya simu wala ya televisheni ya kebo. Alikuwa EPB, bodi ya umeme ya mji, watu wa mita na nguzo. Wao ndio walioitangulia New York, San Francisco na ile miji yote inayojiita makao ya teknolojia. Ilikuwaje?

Chattanooga si mji mkubwa. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 181,000 hivi, pungufu ya nusu ya Morogoro au Eldoret. Uko kwenye kona ya Mto Tennessee, karibu kabisa na mpaka wa Georgia, na kwa miaka mingi ulikula kwa jasho la viwanda vya chuma na nguo. Moshi wa viwanda hivyo, ukizuiwa na milima, ulitanda mjini hata mchana watu wakaendesha magari wamewasha taa. Mwaka 1969 serikali kuu ikautaja kuwa na hewa chafu kuliko miji yote ya nchi, na Walter Cronkite, mtangazaji aliyeaminiwa na taifa zima, akaisoma habari hiyo kwenye taarifa ya CBS. Kisha viwanda vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine, watu wakaanza kuhama. Mji uliofika 2010 ulikuwa na miaka mingi ya kutafuta riziki nyingine: mwaka 1992 ulifungua jumba kubwa la maonyesho ya samaki hai kando ya mto, na mwaka uliofuata daraja kuukuu la Walnut Street, lililokuwa limefungwa kwa magari tangu 1978, likafunguliwa kuwa la waenda kwa miguu.

Lakini hayo hayaelezi intaneti. Maelezo yapo kwenye umeme, na yanaanza mbali.

Sehemu kubwa ya Wamarekani hununua umeme kwa kampuni binafsi. Tennessee ni tofauti kwa sababu ya TVA, mamlaka ya bonde la Mto Tennessee iliyoundwa mwaka 1933 chini ya Rais Franklin Roosevelt kujenga mabwawa na kufua umeme wa bei nafuu. TVA inafua, kuusambaza majumbani kuliachiwa miji na vyama vya ushirika. Mwaka 1935 wakazi wa Chattanooga walipiga kura kuamua kama mji uwe na shirika lake. Kampuni binafsi iliyokuwepo ilipinga kwa nguvu zote, ikashindwa, na mwaka 1939 EPB ikaanza kuuza umeme. Haina wenye hisa wanaosubiri gawio kila robo mwaka, na nguzo ni zake. Mambo hayo mawili yashike, maana ndiyo yaliyofanya kazi miaka 70 baadaye.

Sasa twende kwenye kero yenyewe, ambayo msomaji wa Dar au Nairobi hahitaji kuelezwa sana: umeme kukatika. Kusini ile ina miti mingi na dhoruba nyingi. Tuseme jioni moja tawi la mwaloni limeangukia waya. Kwenye mfumo wa kawaida, kikata umeme kilichopo kwenye kituo cha kupozea umeme kinajizima, na laini nzima inalala giza, hata nyumba zilizo kilomita kadhaa kutoka kwenye tawi. Watu wanaanza kupiga simu. Fundi anawasha gari, anaifuata laini nguzo kwa nguzo huku anamulika juu, na asipoliona tawi upande huu anageuza na kuanza upande ule. Saa mbili zinakatika, tatu, nne. Kuliondoa tawi kunachukua dakika chache. Kulitafuta ndiko kunakomaliza usiku.

EPB walifunga juu ya nguzo swichi zipatazo 1,200 zenye akili ya kompyuta. Kila moja inapima umeme unaopita na kuzungumza na swichi jirani. Tawi likianguka, zile mbili zinazolizunguka zinakitenga kile kipande kilichoharibika, na nyingine inageuza njia na kuwaletea umeme waliobaki kutoka upande wa pili wa laini. Yote hayo yanaisha kabla mtu hajapapasa akapata kiberiti. Fundi naye anatumwa moja kwa moja kwenye kipande husika. Dhoruba kubwa ilipopiga Julai 2012, karibu nusu ya wateja ambao wangekaa gizani ama hawakukatikiwa kabisa, ama umeme uliwarudia wenyewe bila gari kuondoka.

Ili swichi 1,200 na mita za nyumba zote zizungumze kwa kasi hiyo, lazima kuwe na njia ya mawasiliano. Wengine wangetumia redio au mtandao wa simu. EPB wakaamua kupitisha mkongo kwenye eneo lao lote, maili za mraba 600 hivi. Na hapa ndipo jibu la swali letu lilipo. Mita ya umeme inatuma data kidogo mno. Soma mita ya nyumba siku nzima, jumla yake haifiki picha moja ya WhatsApp. Nafasi yote inayobaki kwenye uzi ule haina kazi, na waya umeshapita mlangoni. Gharama kubwa ya intaneti ya nyumbani iko kwenye kuvuta waya hadi nyumbani, na gharama hiyo tayari ilikuwa na mtu mwingine wa kuibeba.

Tusiwafanye kama waliokota bahati njiani. EPB walikuwa wakiuza simu na intaneti kwa wafanyabiashara tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na waliipanga biashara ya majumbani wakijua wanachofanya. Ila hesabu ya intaneti peke yake ingekuwa ngumu kuitetea mbele ya walipa bili. Hesabu ya umeme usiokatika iliibeba.

Fedha zilitoka wapi? Mwaka 2008 EPB iliuza hatifungani za dola milioni 220 hivi, kazi ikapangwa kuchukua miaka kumi. Kisha uchumi wa Marekani ukaporomoka, na serikali ya Obama ikamwaga fedha za kuuchochea. Waliokuwa na miradi iliyoiva mezani ndio waliochota: mwaka 2009 Chattanooga ikapewa dola milioni 111.5 na wizara ya nishati kwa ajili ya ile gridi yenye akili, na miaka kumi ikafupishwa kuwa mitatu hivi. Anayesema mji huu ulijitegemea kwa kila kitu anaruka ukurasa huu wa hesabu.

Kampuni za kebo hazikukaa kimya. Kati ya 2007 na 2008 chama chao cha jimbo, na Comcast, mojawapo ya kampuni hizo za kebo, walikwenda mahakamani wakidai kwamba fedha za wateja wa umeme zitatumika kuwapunguzia bei wateja wa intaneti, na hivyo shirika la umma litashindana na kampuni binafsi kwa mfuko wa wananchi. Hoja hiyo haikuwa ya kuchekwa. Ndiyo maana sheria inadai vitabu vya umeme na vya intaneti vitenganishwe, na upande wa intaneti uulipe upande wa umeme kwa kutumia nyaya. Mahakama zilizitupa kesi hizo, mkongo ukaendelea kupanda. Mwaka 2015 Comcast ikatangaza kuwauzia watu wa Chattanooga gigabiti 2.

Bei ya gigabiti 1 ilipotangazwa Septemba 2010 ilikuwa dola 350 kwa mwezi, na mkuu wa EPB wakati huo, Harold DePriest, alisema waziwazi kwamba hawakujua kitu kama hicho kinauzwaje. Waliojiunga na kifurushi hicho walikuwa wachache sana. Mwaka 2013 bei ikashushwa hadi dola 70 hivi, na hapo ndipo kikawa kitu cha nyumba ya kawaida. Mwaka 2015 wakaongeza gigabiti 10.

Miezi ile ya 2010 na 2011 mji ulikuwa na mambo mengi kwa wakati mmoja, na si yote yaliyowekwa kwenye matangazo. Baraza la mji lilipandisha kodi ya majengo, wananchi wakakasirika, wakazunguka na karatasi za saini kutaka meya Ron Littlefield ang'olewe kabla ya muda wake. Shauri likafika kwa jaji, kura ya kumng'oa haikupigwa, na akamaliza kipindi chake mwaka 2013. Huku wakazi wanagombana kuhusu kodi, magari ya kwanza aina ya Passat yalitoka kwenye kiwanda kipya cha Volkswagen Aprili 2011. Kiwanda hicho kilichogharimu dola bilioni 1 kilijengwa kwenye eneo la zamani la jeshi ambako baruti ya TNT ilikuwa ikitengenezwa. Toyota ilikuwa imeliangalia eneo hilohilo, mwaka 2007 ikaenda kujenga Mississippi. Mwaka huohuo wa 2011 Amazon nayo ikafungua ghala kubwa jirani.

Waandishi wengi walioutembelea mji baadaye waliyafunga hayo yote kwenye mkongo, kana kwamba Volkswagen ilikuja kwa sababu ya intaneti. Tarehe zinakataa: Wajerumani walitangaza kuja Julai 2008, mkongo ukiwa bado makaratasini. Kilichowavuta ni ardhi iliyo tayari, reli, barabara kuu na misamaha minene ya kodi.

Kwa hiyo intaneti ilileta nini hasa? Bento Lobo, mwanauchumi wa chuo kikuu cha Tennessee kilichopo mjini humo, alikadiria faida ya miaka kumi ya kwanza kuwa dola bilioni 2.69 na ajira 9,500 hivi. Makadirio ya namna hii yanategemea sana nini unakiingiza kwenye kapu, lakini sehemu moja inapimika bila ubishi: hasara ambazo viwanda, maduka na majokofu ya watu havikuzipata kwa sababu umeme haukukatika, au ulirudi upesi. Yaani ile sababu ya kwanza.

Kilichochelewa ni kuwafikia maskini. Waya kupita mlangoni hakumaanishi mwenye mlango anaweza kulipa, na kwa miaka kumi watoto wa mitaa ya hali ya chini walikuwa wakikaa nje ya maktaba na migahawa kutafuta mtandao, ndani ya mji uliojiita mji wa gigabiti. Korona ndiyo iliyobadilisha hilo. Shule zilipofungwa mwaka 2020, kaunti ya Hamilton na EPB, pamoja na wafadhili, walizindua mpango wa kuwapa intaneti bure wanafunzi wapatao 28,000 wa familia zenye kipato kidogo, kwa miaka kumi. Kwa kuwa waya ulikuwa umeshafika, kazi kubwa iliyobaki ilikuwa kufunga vifaa na kulipia.

Afrika Mashariki nayo inaujua ukoo huu wa umeme na mkongo. Mwaka 2009, wakati Chattanooga wanavuta waya, mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa unatua Mombasa na Dar es Salaam. Kutoka pwani kwenda bara, sehemu ya data ilipanda kwenye minara ya umeme: waya ule wa juu kabisa unaokinga radi, kwenye laini nyingi za TANESCO na Kenya Power, una nyuzi za faiba ndani yake, na kampuni za simu hukodi nyuzi hizo. Tofauti ni kwamba kwetu faiba hiyo ilisafiri juu kwa juu kutoka mji hadi mji. Kuishusha hadi kwenye mita ya nyumba, ndiko ambako EPB walikomaliza hela zao.

Swali linalofuata ni kwa nini miji mingine ya Marekani haikuiga mara moja. Baadhi iliiga. Lakini majimbo mengi yaliweka sheria za kuzuia au kubana intaneti ya umma, na Tennessee yenyewe, kwa sheria ya 1999, inaruhusu shirika la umeme la mji kuuza intaneti ndani ya eneo lake la umeme tu. Mpaka wa nyaya za umeme uliochorwa miongo mingi iliyopita ukawa mpaka wa intaneti: huku gigabiti, ng'ambo ya barabara mtu anangoja video ifunguke. EPB iliomba kuvuka. Februari 2015 tume ya mawasiliano ya serikali kuu, FCC, ikakubali na kuibatilisha sheria hiyo. Agosti 2016 mahakama ya rufaa ikasema FCC haina mamlaka hayo, na sheria ikarudi. Mwaka 2017 bunge la Tennessee likavifungulia mlango vyama vya ushirika vya umeme viuze intaneti vijijini, na likatenga ruzuku ambayo kampuni binafsi pia zinaweza kuiomba. Mashirika ya umeme ya miji, EPB ikiwa mojawapo, yakaachwa ndani ya mipaka ileile.