RNA mjumbe ya kilindini haisubiri winchi

Hapa naeleza namna ya kuipata RNA mjumbe ya bakteria wa kilindini, yaani nakala za jeni ambazo seli inazitumia wakati huo, kabla haijabadilika njiani kwenda juu. Mita 4,000 chini ya uso wa bahari, bakteria hubeba shinikizo la takriban angahewa 400, kwa kuwa kila mita 10 za maji huongeza angahewa moja (shinikizo la hewa ya kawaida usawa wa bahari). Maji yenyewe yana nyuzijoto 2 hadi 4. Baridi na shinikizo kwa pamoja hubana mafuta ya utando wa seli mpaka ukakakamaa, na seli hujibu kwa kujengea utando asidi za mafuta zilizopinda, ambazo haziwezi kupangika zikashikamana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni bakteria Photobacterium profundum SS9, aliyetolewa Bahari ya Sulu, mita 2,500 hivi chini. Hustawi zaidi kwenye megapaskali 28, yaani angahewa 276 hivi. Shinikizo likiwa kubwa, jeni yake ya ompH, inayotengeneza protini ya kitundu cha utando wa nje, hufanya kazi kwa nguvu. Likishuka hadi angahewa moja, ompL, jeni ya kitundu kingine, hushika zamu. Anayezibadilisha ni ToxR, protini iliyopenya utando wa ndani. Shinikizo linapopanda ToxR hudhoofika, hivyo ompL hukosa wa kuiwasha na ompH hukosa wa kuizuia.

Sasa fikiria sampuli ndani ya chupa ya kawaida. Winchi ikivuta mita 60 kwa dakika, safari ya mita 4,000 huchukua dakika 67. Tuseme RNA mjumbe ya jeni fulani hupungua nusu kila dakika 5: ikifika juu imebaki chini ya moja kwa 8,000. Wakati huohuo seli inaandika RNA mpya. SS9 akiwekwa kwenye angahewa moja huongeza dnaK na groEL, jeni za dhiki. Ukisoma hizo, unasoma machungu ya safari, si maisha ya kilindini.

Kwa hiyo chuja maji hukohuko chini. Tumia kichujio cha mikroni 0.22, kisha kiloweshwe papo hapo kwa kihifadhi cha amonia salfeti. Angalizo: chumvi hii huweza kuganda fuwele kwenye baridi na kuziba mrija. Laza mrija uliojaa kihifadhi kwenye friji usiku mzima kabla ya kuushusha. Ukiziba huko, utaziba na chini. Usichuje muda mrefu pia, maana seli za kwanza hukaa zimebanwa kwenye kichujio zikibadilika. Mimi huona heri vichujio kadhaa vya muda mfupi kuliko kimoja kirefu.

Maabara, ondoa DNA kwa kimeng'enya, kisha fanya PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi) bila hatua ya kugeuza RNA kuwa DNA; kikitokea kitu, DNA bado imo. Punguza RNA ya ribosomu (mitambo ya seli ya kutengeneza protini), ambayo ndiyo sehemu kubwa ya RNA yote. Na kabla hujapasua seli, ongeza RNA ya kutengenezwa ambayo idadi ya nakala zake unaijua. Bila hiyo utabaki na asilimia tu: jeni nyingi zikishuka pamoja, ile iliyobaki palepale itaonekana imepanda.