Nani aliua gemu? Dhana tunazorithishana mashabiki, na ukweli wake

Shabiki wa gemu na wa tamthilia za anga za mbali na visiwa vya ajabu hafundishwi historia ya vitu hivyo darasani. Anaiokota kwenye mabishano: kibandani akisubiri zamu ya pedi, kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye video za YouTube zinazorudia maneno ya video nyingine. Nimezifuatilia hadithi hizi kwa muda mrefu kwa sababu nazipenda kazi zenyewe, na naona zina tabia moja. Karibu kila moja humtafuta mtu wa kulaumiwa, au fundi mmoja mwerevu aliyepanga kila kitu tangu mwanzo. Ukichimba unakuta bajeti, tarehe za kukabidhi kazi, mashine zenye uwezo mdogo, na watu waliojitahidi ndani ya mipaka hiyo. Watu hao ndio tunaowadhulumu tunaporudia hadithi ya uongo.

Dhana: Gemu ya E.T. iliua soko la gemu duniani

Hii ndiyo inayorudiwa kuliko zote. Husimuliwa kwamba mwaka 1982 kampuni ya Atari ilitoa gemu mbovu ya filamu ya E.T., kiumbe wa anga za mbali aliyekwama duniani na anayetaka kupiga simu kwao, wateja wakasusa, soko likaporomoka dunia nzima, na kaseti zilizododa zikafukiwa jangwani New Mexico ili kuficha aibu.

Anguko hilo halikuwa la dunia. Lilikuwa la Amerika Kaskazini, na huko lilikuwa kali kweli: mapato ya takriban dola bilioni 3.2 mwaka 1983 yalishuka hadi karibu dola milioni 100 mwaka 1985. Lakini Julai 15, 1983, katikati ya msiba huo wa Wamarekani, Nintendo ilianza kuuza Famicom nchini Japani, na mashine hiyo ikaja kutamba. Uingereza nako vijana walikuwa wakiandika gemu zao wenyewe nyumbani kwa ZX Spectrum, kompyuta ndogo iliyotoka mwaka 1982. Ukimwambia Mwingereza wa rika hilo kwamba gemu zilikufa mwaka 1983, atakushangaa.

Hata huko Marekani, ugonjwa ulianza kabla ya E.T. Desemba 7, 1982, kampuni ya Warner iliyokuwa ikiimiliki Atari ilitangaza kwamba faida isingefikia matarajio, na hisa zake zikaporomoka kwa karibu theluthi moja. Wakati huo E.T. ndiyo kwanza ilikuwa inaingia madukani. Mambo yalikuwa yamepikwa siku nyingi. Mwaka 1979 waandishi wa programu walioondoka Atari walisaidia kuanzisha Activision, na njia ikafunguka kwa kila kampuni kutengeneza kaseti za mashine ya Atari, zikiwemo kampuni zisizojua gemu hata kidogo. Maduka yakajaza rafu, mzigo haukutoka, ukauzwa kwa bei ya kutupa. Juu ya hayo Commodore 64 ilishushwa bei, na mzazi akaona heri anunue kompyuta ambayo mtoto ataichezea na kuisomea.

Sasa mtazame mtu anayebebeshwa lawama. Howard Scott Warshaw alipewa takriban wiki tano tu kuiandika E.T., kwa kuwa mazungumzo ya haki za filamu yalichelewa hadi Julai na kaseti zilitakiwa ziwe madukani kabla ya Krismasi. Gemu za aina ile zilizoea kuchukua miezi. Mashine aliyokuwa akiiandikia ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128. Ndiyo, baiti, wala si kilobaiti.

Icheze leo uone. Unamtembeza E.T. kando ya shimo, kichwa chake kinagusa ukingo kwa nukta moja, anatumbukia. Unabonyeza, shingo inarefuka, anapaa taratibu hadi juu, unamsogeza, anagusa ukingo tena, anarudi chini. Hapo ndipo wengi walipozima. Lakini gemu hiyo hiyo ina dunia ya pande sita ya kuzunguka, vipande vya simu vinavyohama mahali kila unapoanza upya, na mwisho unaofikika, wakati gemu nyingi za enzi ile zilikuendesha tu mpaka ufe. Mimi naiona kama kazi ya seremala mwenye ramani kubwa aliyenyimwa muda wa kupiga randa.

Kufukiwa kwa kaseti ni kweli. Dampo la Alamogordo lilichimbuliwa Aprili 2014, zikatolewa kaseti zaidi ya 1,300, na E.T. ilikuwa sehemu ndogo tu. Nyingine zilikuwa Centipede, Missile Command, Defender, hata Yars' Revenge, gemu ya Warshaw huyohuyo iliyouzwa sana. Kampuni ilikuwa inasafisha ghala. Warshaw mwenyewe alikuwepo siku hiyo, akitazama kazi yake ikitolewa ardhini.

Dhana: Wageni wa Space Invaders walipangwa tangu mwanzo waongeze kasi

Kila aliyecheza gemu hii ya kuwapiga risasi wageni wa anga anaikumbuka ile hofu: ukiwapunguza maadui, waliobaki wanakuja mbio, na mdundo unapiga haraka kama moyo. Husemwa kwamba ulikuwa mpango wa kisaikolojia.

Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito aliitengeneza mwaka 1978, akiunda hata vifaa vya mashine kwa mikono yake. Maadui ni 55, safu tano za kumi na mmoja mmoja. Prosesa haikuweza kuwasogeza wote kwa mpigo, kwa hiyo ilimsogeza mmoja kila picha ilipochorwa upya, na picha ilichorwa upya mara 60 kwa sekunde. Wakiwa 55, kila mmoja anapata zamu yake karibu mara moja kwa sekunde. Akibaki mmoja, zamu zote ni zake, ndiyo maana anakimbia vile. Mashine ilikuwa imepumua. Nishikado aliona jinsi inavyonogesha mchezo, akaiacha. Kulitambua jambo zuri lililojileta lenyewe na kulilinda ni ufundi pia, na ningependa tumsifu kwa hilo.

Ile ya kwamba gemu hii ilisababisha uhaba wa sarafu za yeni 100 Japani nayo si kweli. Sarafu hazikai ndani ya mashine. Mwenye mashine anazitoa na kuzirudisha benki.

Dhana: Gandhi aliwapiga watu mabomu ya nyuklia kwa hitilafu ya hesabu

Maelezo yake yananoga mno, na hilo ndilo linaloyapa maisha. Katika Civilization ya mwaka 1991, gemu ya kujenga na kuongoza mataifa, inasemwa, Gandhi alipewa ukali wa kiwango cha 1. Nchi yake ikiingia kwenye demokrasia ukali unapungua kwa 2, inapatikana hasi 1, na kwa vile kompyuta iliihifadhi namba hiyo kwenye baiti isiyojua hasi, ikageuka 255, namba kubwa kuliko zote ambayo baiti inaweza kubeba. Mtu wa amani anakuwa mtu katili kuliko wote.

Sid Meier, aliyeiunda gemu hiyo, aliandika kwenye kitabu cha maisha yake mwaka 2020 kwamba hitilafu hiyo haikuwahi kuwepo. Viwango vya ukali vilikuwa vitatu tu, na Gandhi alikuwa kwenye cha chini pamoja na viongozi wengine. Kilichokuwepo ni kwamba India ya kwenye gemu ilipenda sayansi, hivyo iliweza kufikia silaha za nyuklia mapema, na kila kiongozi mwenye silaha hizo hutoa vitisho vilevile. Vitisho hivyo vikitoka kwenye uso wa Gandhi, huwezi kuvisahau. Mwaka 2010 watengenezaji wa Civilization V wakampandisha kwa makusudi kiwango cha kupenda nyuklia, kama utani kwa mashabiki. Tangu hapo hadithi ina ushahidi, ila ushahidi wenyewe ulizaliwa miaka 19 baada ya gemu ya kwanza.

Dhana: Gemu za zamani zilikuwa ngumu kwa sababu wachezaji wa zamani walikuwa mafundi

Zilikuwa ngumu kwa sababu ya pesa. Mashine ya sarafu inayokuacha ucheze saa nzima kwa sarafu moja inamtia hasara mwenyewe. Yeyote aliyesimamia kibanda cha PlayStation na kutoza kwa mechi anaijua hesabu hii, na ndiyo maana anayefungwa anatoka.

Gemu za nyumbani zilirithi tabia hiyo, kisha Marekani wakaongeza sababu yao: kukodisha. Mtu akikodi gemu Ijumaa na kuimaliza Jumapili, hainunui. Japani sheria ya hakimiliki iliwazuia watu kukodisha gemu, na tofauti inaonekana ukiziweka nakala mbili pamoja. Contra: Hard Corps ya mwaka 1994 huko Japani ilikuruhusu upigwe mara tatu kabla ya kufa. Nakala ya Marekani, pigo moja tu umekwenda.

Dhana: Busu la Kirk na Uhura lilikuwa la kwanza kati ya mzungu na mweusi kwenye televisheni

Star Trek, tamthilia ya Marekani ya anga za mbali ambamo Kirk ni nahodha wa meli na Uhura ni ofisa wake, ilirusha busu hilo Novemba 22, 1968, na ujasiri wake haupingiki. Lakini Uingereza ilikuwa imeshatangulia: mwaka 1962 kituo cha ITV kilionyesha mchezo wa kuigiza ambamo Lloyd Reckord, mzaliwa wa Jamaika, anambusu Elizabeth MacLennan. Tena ukiitazama ile ya Star Trek kwa makini, Kirk na Uhura hawabusiani kwa hiari. Wanalazimishwa na viumbe wenye nguvu za akili wanaowachezea kama vikaragosi.

Ndiyo maana naona tunamsifia Uhura kwa jambo dogo na kuacha kubwa. Kubwa ni kwamba mwanamke mweusi alikaa kwenye daraja la meli, Luteni, akifanya kazi yake kila wiki kuanzia 1966 bila mtu kushangaa. Na alizungumza lugha yetu: kwenye sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, Septemba 8, 1966, kiumbe anayejigeuza sura anamwendea na kumsemesha Kiswahili, naye anajibu. Nichelle Nichols aliyeigiza nafasi hiyo alikuja kufanya kazi na NASA mwaka 1977 kuwashawishi wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Kundi lililochaguliwa mwaka 1978 lilikuwa na Sally Ride, Guion Bluford na Ronald McNair.

Dhana: BBC walifuta Doctor Who kwa kuidharau

Hasira hii naielewa. Tamthilia hii ya Uingereza, ya msafiri wa wakati aitwaye Daktari, ilianza Novemba 23, 1963, na sehemu nyingi za miaka ya sitini zilipotea. Lakini BBC hawakuichagua Doctor Who waiadhibu. Walifuta vipindi vya kila aina. Kanda za video zilikuwa ghali na zilirekodiwa tena na tena. Mikataba na chama cha waigizaji ilibana marudio. Hakuna aliyekuwa na mashine ya kutazamia video nyumbani, kwa hiyo kipindi kikishauzwa nje vya kutosha, machoni pa mhasibu thamani yake ilikuwa imekwisha.

Wokovu ulitoka kwa watazamaji na kwa Afrika. Watoto wa Uingereza waliweka maikrofoni mbele ya televisheni wakarekodi sauti, na kwa sababu yao sauti ya kila sehemu iliyopotea ipo hadi leo. Nakala za filamu zilizouzwa nchi za nje nazo hazikurudi zote. Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba Philip Morris, msaka vipindi vilivyopotea, amepata sehemu tisa zilizopotea kwenye stoo ya kituo cha televisheni huko Jos, Nigeria. Pengo likashuka kutoka sehemu 106 hadi 97.

Kilichonigusa zaidi ni kilichofuata. Kisa kimoja kilichopatikana, The Enemy of the World, kilikuwa kimebaki na sehemu ya tatu tu, na kwa sehemu hiyo moja mashabiki walikihukumu kwa miongo kwamba kinachosha. Kilipoonekana kizima, Patrick Troughton akiigiza Daktari na pia dikteta Salamander, akibadili mkao, sauti na macho, watu walewale walikipandisha miongoni mwa visa vizuri vya enzi yake. Kisa hakikuwa kimebadilika hata picha moja.

Dhana: Kwenye Lost wote walikufa tangu ndege ilipoanguka

Hapana. Sehemu ya mwisho ya tamthilia hii ya manusura wa ndege iliyoanguka kisiwani ilirushwa Mei 23, 2010, na ndani yake baba yake Jack, steringi wa kisa, anamwambia waziwazi kwamba yote yaliyotokea yalitokea kweli, na kwamba waliopo kanisani wengine walikufa kabla yake, wengine muda mrefu baada yake. Kanisa lile ni mahali wanapokutana baada ya vifo vyao vya nyakati tofauti. Kisiwani, Jack anakufa, Kate na Sawyer wanaondoka na ndege inayorushwa na Lapidus, Hurley anabaki mlinzi na Ben akiwa msaidizi wake. Steringi amekufa, wenzake wameishi.

Mkanganyiko ulitokana na picha za mabaki ya ndege ufukweni, tupu bila watu, zilizowekwa chini ya majina ya wahusika. Kituo cha ABC ndicho kilichoziweka, ili watazamaji wasirushwe ghafla kutoka machozini hadi kwenye taarifa ya habari. Waandishi hawakuzipanga. Mamilioni wakazisoma kama jibu.

Malalamiko ya haki dhidi ya Lost yapo, na naungana nayo. Kubwa kwangu ni Walt, mtoto aliyejengwa kama ufunguo wa siri zote kisha akaondolewa kisiwani mwishoni mwa msimu wa pili. Hapo pia mashabiki husema waandishi walimsahau. Misimu miwili ya kwanza inasimulia muda wa miezi miwili na kidogo, lakini ilichukua miaka miwili kurushwa, na Malcolm David Kelley, aliyemwigiza Walt, alikuwa mvulana anayekua. Alirefuka, na kalenda ya kisiwani ikashindwa kumfuata.