Bloku za karatasi na simiti zinanywa maji, tena sana

"Si ndani kuna simiti? Sasa maji yataingilia wapi?" Hapa Kisumu naulizwa hivi na wateja kuhusu bloku za karatasi iliyopondwa na simiti kila mvua za Machi zikikaribia, na nimechoka. Hili nitalijibu kwa kirefu, mengine niyapitie haraka.

Simiti haigeuzi karatasi kuwa jiwe. Inazishika nyuzi za karatasi zisiachane, basi. Kati ya nyuzi kuna vijitundu vingi vya hewa, navyo ndivyo vinavyoifanya bloku iwe nyepesi na nyumba isiwe tanuri mchana wa Februari. Vijitundu hivyo hivyo ndivyo vinavyofyonza maji. Isimamishe bloku kavu kwenye karai lenye maji kidogo, uendelee na kazi nyingine. Ukirudi utaona unyevu umepanda juu ya usawa wa maji, na ukiinyanyua mkono utakwambia. Haitamomonyoka kama tofali bichi la udongo, hilo ni kweli, lakini imelegea, na ikikaa hivyo itaota ukungu.

Kwa hiyo bloku hizi hazigusi ardhi. Msingi uwe wa mawe, yapande angalau kozi mbili, yaani mistari miwili ya mawe, juu ya ardhi. Upande wa tambarare za Kano hapa karibu, maji yanakotuama, pandisha zaidi. Juu ya mawe laza nailoni nzito ya kuzuia unyevu, ndipo uanze bloku. Paa litokeze sentimita 60 au zaidi, maana mvua ya huku huja na upepo na kupiga ukuta ubavuni.

Linaloniudhi kabisa ni hili: mtu akishaambiwa ukuta unanywa maji, anakimbilia rangi ya mafuta au plasta nzito ya simiti, ndani na nje, na bloku bado ni mbichi. Unyevu umefungiwa, hauna pa kutokea. Plasta ikipasuka hata kidogo, maji yanaingia na hayatoki tena. Piga plasta ya chokaa na mchanga, ongeza simiti kidogo ukitaka. Ukuta utapumua.

Na usipige plasta, wala usijenge, kabla bloku hazijakauka. Kupapasa nje hakutoshi. Teua bloku moja, ipime kwenye mizani kila baada ya siku chache. Uzito ukiacha kushuka, ziko tayari. Kakamega, kwa mvua zile, zianike chini ya mabati na uziachie nafasi upepo upite. Bloku husinyaa zikikauka. Ukijenga nazo mbichi, viungo vyote vitaachana.

Wengine huniambia wataongeza simiti ziwe ngumu kama mawe. Zitakuwa ngumu kidogo, nzito zaidi, joto litapenya, na pesa zitakuwa zimekwenda. Kama unataka jiwe, nunua jiwe.

Bloku kubeba slabu, yaani sakafu ya zege ya juu? Hapana. Ikilemewa haipasuki ghafla, inabonyea polepole. Nguzo na ringi bimu (mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta) ndizo zibebe paa, bloku zijaze ukuta. Paneli za mchanganyiko huu ni za kugawa vyumba na kupunguza joto chini ya paa, si za kubeba kitu.

Kuhusu moto, watu wanaogopa miali, na miali si tatizo kubwa. Hatari ni bloku yenye simiti kidogo: inaweza kuungua ndani kwa ndani kwa saa nyingi huku wewe ukidhani umeshauzima. Piga plasta pande zote, na jiko la kuni liwe mbali na ukuta huo.

Eti mchwa hawali simiti. Mchwa anafuata karatasi! Mawe ya msingi yatakusaidia kuona njia zake za udongo mapema, uzikwangue. Boraksi, chumvi ya unga ya kuzuia wadudu, kwenye mchanganyiko inasaidia pia, ila iwe kidogo, kwani ikizidi simiti huchelewa kushika.

Na si kila karatasi inafaa. Magazeti na madaftari ya zamani ni mazuri. Majarida yanayong'aa yana udongo mweupe mwingi na nyuzi chache. Usiyategemee peke yake. Karatasi yoyote, iloweke usiku kucha kabla ya kuiponda.