Sarafu, bamvua na dafu: nasibu ya kweli iko wapi?

Dhana: Bahari haitabiriki.
Ukweli: wavuvi wa Bagamoyo hawabahatishi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi huwa karibu mstari mmoja, maji yakawa ya bamvua, yaani hujaa na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hujaa na kupwa kidogo. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na saa ya kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Kinachovuruga hesabu ni upepo, nao una sababu zake, ila ni nyingi na ndogo mno. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, aliingiza 0.506 badala ya 0.506127 kwenye kompyuta ya hali ya hewa, na utabiri ukaenda kwingine kabisa. Hapo tatizo ni kutojua kwetu. Nasibu, yaani tukio lisilo na sababu yoyote, ni jambo jingine.

Dhana: Kichwa kikitokea mara tano mfululizo, zamu ya sita ni ya upande wa pili.
Ukweli: sarafu haina kumbukumbu. Irushe mara 100 uandike kila tokeo: nafasi ya kukuta upande mmoja umejirudia mara sita au zaidi mfululizo ni karibu asilimia 81. Orodha iliyotungwa kichwani hugundulika upesi, kwa sababu mtungaji huogopa kurudia. Tena sarafu yenyewe si nasibu safi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2023, mirusho 350,757, iliangukia upande ulioanza juu kwa asilimia 50.8. Ni kazi ya mkono.

Dhana: Kila tukio lina sababu, hata kama imejificha.
Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Chukua dafu: maji yake yana potasiamu kwa wingi, na kati ya kila atomi 8,500 hivi za potasiamu, moja ni potasiamu-40, ambayo huvunjika yenyewe. Katika gramu moja ya potasiamu huvunjika atomi kama 31 kila sekunde. Hesabu sekunde moja baada ya nyingine: utapata 27, kisha 36, kisha 30. Ipi itafuata? Atomi haizeeki. Iliyokaa miaka bilioni haikaribii kuvunjika kuliko ya jirani yake. Hata hivyo zikiwa nyingi hutii kanuni bila kukosea: nusu yake huisha kwa miaka bilioni 1.25, na kwa hesabu hiyo umri wa miamba hupimwa.

Je, haiwezekani kila chembe imebeba maagizo yake ya siri? Mwaka 1964 mwanafizikia John Bell alionyesha kwamba, kama ni hivyo, vipimo vya chembe pacha, zilizounganishwa kisha zikatenganishwa mbali, haviwezi kukubaliana kupita kiwango fulani. Majaribio yalikipita. Wanafizikia Clauser, Aspect na Zeilinger walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2022 kwa kazi hiyo, na huko Delft, Uholanzi, mwaka 2015 jaribio lilirudiwa kwa elektroni zilizoachana kilomita 1.3. Anayeshikilia sababu ya siri bado ana mlango: akubali kwamba kitu kinachotendeka hapa hugusa kilicho mbali papo hapo, kwa kasi kuliko mwanga. Kwetu sisi bei hiyo ni kubwa mno, na nasibu ya kweli ndiyo jibu jepesi zaidi.